Bastola Mpya na Mkono wa Kuchuna Chai

Kwa miaka yote niliyobeba bastola ya serikali, damu pekee niliyoimwaga ilikuwa yangu mwenyewe, na ilitoka kwenye kidole gumba. Nawaambia mapema, vijana, kwa sababu najua mkisikia kwamba mama fulani alikuwa polisi na alimlinda hakimu, mnavuta kiti karibu mkitegemea habari za majambazi. Jambazi hayupo. Anayetaka jambazi aende akamtafute kwingine, hapa kuna habari za kidole.

Jina langu ni Chelangat. Nilistaafu nikiwa koplo, na siku hizi nafuga kuku hapa Kapsoit na kuwashauri watu ambao hawajaniomba ushauri. Vijana wanaojiandaa kwenda kuandikishwa polisi hupita kwangu, na wote huuliza juu ya mbio. Mimi huwaambia mbio si kitu. Mtu wa huku akishindwa kukimbia, ni kwa sababu amekataa. Kigumu ni mkono. Mkono wako una mambo uliyoyajua kabla ya wewe kuwa polisi, na hautayasahau kwa sababu umevaa sare.

Mkono wangu ulisomea kwenye chai. Wazazi wetu walifariki wakifuatana nikiwa darasa la saba, na mimi ndiye kifungua mimba wa watoto watano. Siku ya mazishi ya mama, watu wazima wa ukoo walikaa nyuma ya nyumba wakaanza kutugawa. Huyu aende Bomet, huyu aende Sotik, na kitinda mimba Kibet, ambaye hata meno hakuwa nayo, apewe shangazi mmoja asiyependa kelele. Waligawa kwa nia njema, jinsi watu wanavyogawana sufuria za mtu aliyehama. Mimi nikawapelekea chai, nikawaambia watoto hawaendi popote, kisha nikakusanya vikombe kabla hawajamaliza kunywa. Jumatatu sikurudi shuleni. Nilienda kuchuna majani kwenye shamba kubwa la chai lililokuwa ng'ambo ya barabara.

Aliyewahi kuchuna chai anajua kinachotokea kwa vidole. Unachukua majani mawili na chipukizi, unanyakua, unatupa nyuma ya bega kikapuni, na kabla jani halijatua umeshanyakua lingine. Hakuna kufikiri. Nyapara akikuona unafikiri anakuuliza kama umechoka kazi. Baada ya mwaka mmoja vidole vyangu vilikuwa na haraka kuliko mimi. Nilikuwa nikilala na Kibet kitanda kimoja, na asubuhi namkuta hana blanketi, nimelichuna usiku nikalitupa nyuma ya bega.

Polisi walinichukua kwa ajili ya miguu. Siku ya kuandikishwa nilitoka shambani moja kwa moja, nikakimbia nikiwa bado nimevaa ile aproni ya plastiki tunayovaa ili umande usitulowanishe tumbo, nayo ilikuwa ikipiga kelele kama bati linalong'oka. Nilisikia afisa akisema yule mwenye turubai aandikwe. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini.

Baada ya miaka kadhaa nilipangiwa kumlinda hakimu, mama mmoja mpole, kwenye mahakama ya mji wetu. Nilipewa bastola ya zamani, ile ya gurudumu. Nyinyi mmeiona kwenye picha tu. Risasi sita zinakaa ndani ya gurudumu, na kila ukivuta triga, gurudumu linazunguka. Triga yake ilikuwa nzito kama mlango wa gari lililogongwa. Wenzangu waliilalamikia, lakini mimi na ile bastola tulielewana tangu siku ya kwanza. Ilitaka mtu wa kunyakua, na mimi nilikuwa nimenyakua maisha yangu yote. Nikawa napiga shabaha vizuri, na nikaanza kujiona.

Kisha zikaja bastola mpya.

Inspekta wetu, bwana mmoja mrefu aliyependa sana vitu vipya, alituita uwanjani akatuonyesha moja kama mtu anayeonyesha mtoto wa kwanza. Ilikuwa nyeusi, bapa, haina gurudumu, na risasi zake zinakaa ndani ya magazini inayoingia kwenye mpini. Akasema kila mlinzi wa hakimu atafanya mtihani wa shabaha na bastola hiyo mwisho wa mwezi. Atakayefaulu atabaki na kazi yake. Atakayefeli atarudishiwa bunduki ndefu na kwenda Lodwar, mbali jangwani kaskazini, kwa sababu kule walikuwa wanaomba watu.

Wakati huo ndugu zetu wawili wa katikati walikuwa wameshaoa na kuolewa. Waliobaki nyumbani na mimi walikuwa Chebet, aliyekuwa kidato cha tatu, na Kibet wa darasa la nane. Jioni ile niliwaeleza. Niliwaambia kwamba nikifeli itabidi Chebet aende kwa mjomba kule Bomet na Kibet aende kwa shangazi, kwa muda tu. Chebet aliendelea kusonga ugali bila kunitazama. Nikajisikia kana kwamba nimekaa nyuma ya nyumba na wale watu wazima, nami nagawa. Sikuwa nimewakatizia wale wazee chai yao ili nije kuifanya kazi yao mwenyewe.

Kwa hiyo mtihani ule haukuwa wa bastola kwangu. Nataka mlijue hilo, kwa sababu mengine yote nitakayowaeleza ni upuzi mtupu.

Tulifanyia mazoezi kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, pembeni mwa mashamba ya chai. Mwalimu wetu alikuwa Sajenti Mokua, Mkisii wa upande wa Chepilat, mzee wa miwani minene ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Alikuwa na namna yake ya kukuambia wewe ni mjinga, ukarudi nyumbani ukiwa na furaha, halafu usiku ukaelewa.

Siku ya kwanza nilishika bastola mpya jinsi nilivyoshika ya zamani. Kwenye ile ya gurudumu, gumba la mkono wa kushoto nililipitisha nyuma, likalala juu ya mkono wa kulia, kama mtu aliyefunga shuka. Hapo nyuma ya bastola ya zamani hapakuwa na kitu cha kuliumiza. Lakini hizi mpya zina chuma cha juu kinachorudi nyuma kwa kasi kila risasi inapotoka, na kinarudi mahali hasa nilipokuwa nimeliweka gumba langu. Nilifyatua. Sikusikia mlio. Nilisikia gumba.

Mokua akaja taratibu, akatazama damu, akasema, "Imekusalimia. Kesho mjue majina."

Basi somo la kwanza ni hilo. Magumba yote mawili yakae upande mmoja, upande wa kushoto, moja juu ya lingine, yakitazama mbele kama ng'ombe wawili wa kulima. Na mkono wa kulia ukae juu kabisa kwenye mpini, hadi ile nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ibanwe vizuri chini ya mkia wa bastola. Ukishika chini chini inakurukia usoni.

Siku iliyofuata Mheshimiwa hakimu aliona bandeji, akaniuliza nani amenishambulia. Nikamwambia ni bastola. Akauliza bastola ya nani. Nikasema yangu. Akanitazama jinsi anavyomtazama mshtakiwa anayekiri kosa kabla ya kusomewa, kisha akaomba faili la kesi inayofuata.

Somo la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu Inspekta alikuwepo. Mimi nilikuwa nimezoea risasi sita. Ukipiga sita, bila kufikiri, gumba la kulia linasukuma kitufe, gurudumu linafunguka pembeni, unaweka nyingine. Bastola mpya ilikuwa na risasi zaidi ya mara mbili ya hizo. Nilipiga sita, nikasimama, gumba likaenda lenyewe kutafuta kitufe cha gurudumu. Ni kweli kulikuwa na kitufe mahali pale pale. Ila hicho ni cha kuachia magazini. Ikachomoka kutoka kwenye mpini na risasi zake zote, ikaanguka kwenye matope katikati ya miguu yangu.

Aliyesimama kulia kwangu alikuwa Konstebo Njoroge, mtoto wa wafanyabiashara wa mjini, kijana ambaye hakuwahi kuacha nafasi ya kusema kitu ipite. Akageuka kwa Inspekta, akapiga saluti.

"Afande, Koplo ametaga."

Neno likanishika kama jina. Kwa wiki nzima nilikuwa nikiingia kantini naulizwa kama nimeatamia. Mpishi alinipa yai la kuchemsha, akasema ni la kwangu mwenyewe, ananirudishia.

Lakini hayo ya gumba yalirekebika. Lililokataa kurekebika ni risasi zenyewe. Kila nilipofyatua, risasi ilienda chini kushoto. Karatasi ya shabaha ilikuwa na picha ya mtu, na duara kifuani. Kifua chake kilikuwa safi kama shati la Jumapili. Matundu yote yalikuwa kwenye goti la upande mmoja. Njoroge aliitazama karatasi yangu akasema huyo mtu hatakufa, lakini mpira hatacheza tena.

Mokua alinieleza kwamba nanyakua. Triga ya bastola mpya ni nyepesi na fupi. Ukiinyakua kwa nguvu ya ile ya zamani, mkono mzima unaenda na kidole, na mdomo wa bastola unainama kabla risasi haijatoka. Nilielewa kwa kichwa. Vidole havikuwepo kwenye mazungumzo hayo. Vilikuwa bado kwenye chai, vinaona jani.

Njoroge alinihurumia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Pamoja na biashara zao, kwao walifuga ng'ombe wa maziwa, akaniambia siri ya triga ni kukamua. Usivute, akasema, finya kama unakamua. Sasa mwanamke wa Kipsigis, sisi watu wa ng'ombe, kuambiwa na mtu mwingine habari za kukamua ni kitu cha kucheka, lakini nilikuwa sina pa kushika. Nikakamua. Vijana, msikubali ushauri huu hata ukitoka kwa mtu mnayempenda. Mkono wa kukamua unafunga vidole vyote, kuanzia juu hadi kidole cha mwisho, na bastola ikifinywa hivyo inainamisha kichwa kama mtu anayeombewa. Risasi iligonga ardhi nusu ya njia, ikarusha matope hadi kwenye miwani ya Mokua.

Akaivua, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha. "Maziwa yametoka?" akauliza.

Bastola zilirudishwa ghalani kila jioni, kwa hiyo nyumbani nilifanya mazoezi na kipande cha mkaratusi ambacho Kibet alinichongea. Nilisimama nyuma ya choo, nikaelekeza ule mti kwenye kisiki, nikajaribu kuvuta triga ambayo haikuwepo. Kibet na Chebet walikaa kando ya ua wa michongoma wakinitazama kama watu waliolipa kiingilio. Kibet alikuwa na jicho kali. "Sista, bega limeruka," alikuwa akisema. "Sista, hapo unang'oa sukuma wiki." Chebet nilimwona mara moja akihesabu mablanketi yaliyoanikwa kwenye kamba, nikageuza uso.

Wiki ya mtihani ikaingia na mimi bado napiga magoti. Jioni moja, wenzangu wote wameondoka, Mokua alinibakiza kwenye chumba cha mazoezi. Tulikagua bastola pamoja, yeye na mimi, tukahakikisha ni tupu. Akaweka kizibo cha soda juu ya mtutu, akaniambia nivute triga bila kukiangusha. Kikaanguka. Akakiokota, akakiweka. Kikaanguka. Tuliendelea hivyo hadi akachoka kuinama, akakaa kwenye benchi.

"Koplo, mwanangu," akasema. "Kuna kitu chochote umewahi kukifanya polepole?"

Nikafikiri. Sipiki polepole. Silimi polepole. Hata kanisani mimi humaliza wimbo kabla ya wengine. Nikataka kumwambia hakuna, kisha nikakumbuka. Nikamwambia nimewahi kutoa funza.

Akavua miwani. "Eleza."

Nikamweleza. Kwa wadogo zangu wanne wanaotembea bila viatu, kila Jumamosi nilikuwa na kazi ya vidole vya miguu. Unakaa chini, unabana mguu wa mtoto kwa mkono wa kushoto, unabana kweli, ili akirusha teke mguu usiende popote. Lakini mkono wa kulia wenye pini hauna nguvu hata kidogo. Unaingiza ncha, unazungusha, unaendelea, unaendelea. Huwezi kupanga kwamba funza atatoka sasa. Ukipanga, unashika pumzi, na mtoto akisikia umeshika pumzi anarusha teke, funza anapasuka, mnaanza upya na kilio. Unaendelea tu hadi unashtuka kumwona ametoka. Kibet alikuwa akiniuliza kama nimeanza na mimi nimeshamaliza.

Mokua akairudisha miwani usoni. Kisha akafungua kamba za buti lake la kulia, akavua soksi, akaweka mguu mapajani mwangu.

"Onyesha," akasema.

Nilidhani ni mfano. Haukuwa mfano. Kwenye kidole kidogo palikuwa na funza mnene, mweupe, mwenye makazi ya kudumu. Mzee alikuwa akitembea naye tangu alipotoka kulima kwake Chepilat, na kwa aibu ya cheo hakumwambia mtu. Akanipa pini aliyokuwa ameificha chini ya kola. Alikuwa amejitayarisha, ila alikosa mtu wa kumwamini.

Nikabana mguu wa sajenti kwa mkono wa kushoto, nikaanza. Nilikuwa nusu ya kazi mlango ulipofunguka. Inspekta alisimama pale. Akamwona sajenti wake mkuu amefumba macho, mguu mtupu, na koplo wake amekaa sakafuni akichokora kwa pini, na bastola mpya ya serikali juu ya benchi ikiwa na kizibo cha soda. Mimi na yeye tukatazamana. Inspekta akaangalia saa ya ukutani kana kwamba ndiyo iliyomleta, akafunga mlango polepole kuliko triga yoyote niliyowahi kuiona.

"Ametoka?" Mokua akauliza, bado amefumba macho.

Nikamwambia ametoka zamani.

Akavaa soksi na buti. Akaniambia nichukue bastola, na mkono wa kushoto ubane ule mguu usirushe teke, na wa kulia uingize pini. Nikavuta. Kizibo kikabaki pale pale. Nikavuta tena. Kikabaki. Nikamtazama Mokua, naye alikuwa akikunja na kukunjua kidole chake kidogo ndani ya buti, na uso wake ulikuwa na amani ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu aliyevaa sare.

Kwa hiyo mkinisikia nasema, vijana, kwamba bastola ya gurudumu ni jani la chai na bastola ya magazini ni funza, msidhani nimezeeka vibaya. Nguvu zote ziwe kwenye kushika, hasa mkono wa kushoto, na kidole cha triga kibaki peke yake, hakijui wengine wanafanya nini. Mlio ukushtue. Ukijua utalia lini, umeshaharibu.

Siku ya mtihani ilipambazuka vizuri, na kwa mtu wa huku kwetu Kericho hiyo ni habari mbaya. Asubuhi ikiwa na jua kali namna ile, mchana lazima mtailipia kwa mvua. Zamu yangu ilipofika, mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya mashamba kama watu wanaosubiri mkutano uanze. Inspekta alisimama nyuma yangu na mwavuli. Sheria ilikuwa kwamba mwalimu asiseme neno mtahiniwa akiwa kwenye mstari, kwa hiyo Mokua alikuwa amefunga mdomo hadi masharubu yakasimama. Njoroge alikuwa kulia kwangu, ameshamaliza wake na amefaulu.

Nilibana mguu. Niliingiza pini. Mlio wa kwanza ulinishtua, nikajua tuko pamoja. Bastola hizi hutupa ganda la risasi nje kila zinapolia, si kama ile ya gurudumu iliyoyaweka maganda tumboni kama mama mwenye siri. Ganda la kwanza, likiwa la moto, liliruka kulia likaingia kwenye kola ya Njoroge. Sikugeuka, ila nilisikia viatu vyake vikicheza. La pili likalifuata la kwanza. Baadaye alisema nililenga. Laiti ningekuwa na shabaha hiyo.

Nilipiga sita, na mkono ukasimama.

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Mwili wangu ulijua kwamba nimemaliza. Nilishusha pumzi, mabega yakashuka, nikawa tayari kugeuka na kwenda nyumbani. Gumba la kulia likaanza safari yake ya zamani kuelekea kitufe. Nyuma yangu nikasikia Mokua akikohoa. Si kikohozi cha kusema kitu, maana sheria ilikuwa sheria, lakini kilikuwa kikohozi cha mtu ambaye moyo umemwingia kwenye bomba la hewa.

Nikatazama bastola. Bastola ya magazini ikiisha risasi, chuma cha juu hubaki nyuma, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Hii ilikuwa imefunga mdomo. Bado ilikuwa na maneno. Nikalirudisha gumba kwa mwenzake, nikabana, nikaendelea. Risasi ya mwisho ilipotoka, mdomo ukafunguka, na mvua ya mawe ikaanguka papo hapo.

Kama hamjaona mvua ya mawe ya huku, muulizeni mkulima yeyote wa chai, atawaambia akiwa anafuta macho. Mawe yalianguka kama kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori. Sote tulikimbia tukajibanza chini ya mwavuli mmoja wa Inspekta, watu wanne, cheo kikawa kimekwisha. Yalipotulia tukaenda kuitazama karatasi yangu. Ilikuwa imeloa, imelegea, na ina matundu kila mahali, kifuani, kichwani, masikioni, hata nje ya picha.

Njoroge akaitazama. "Afande, nafikiri Mungu pia amefaulu."

Inspekta hakucheka. Akasema mtihani haueleweki, na mtihani usioeleweka umefeli. Nilimsikia kama mtu anayeongea kutoka ng'ambo ya bonde. Nikamwona shangazi asiyependa kelele, na Kibet amekaa kwake na mikono magotini.

Mokua akaomba ruhusa ya kusema. Akaing'oa karatasi. Nyuma yake kulikuwa na ubao mpya, na juu ya ubao alikuwa amechora duara lile lile kwa kalamu nzito, kwa sababu yeye ni mtu wa Chepilat, mvua ya mawe anaijua. Mawe ya mbinguni hayatoboi mbao. Kila tundu la ubaoni lilikuwa langu.

Inspekta akaanza kuhesabu kwa kidole tundu kwa tundu. Yaliyokuwa ndani ya duara yalikaribia kunifikisha kwenye kiwango. Likabaki moja, lililokaa ukingoni, na sheria ilisema tundu likigusa mstari liko ndani. Likiwa ndani, nimefaulu. Likiwa nje, Lodwar. Alichuchumaa mbele yake kwa muda mrefu hadi magoti yake yakalia.

"Sajenti, limegusa mstari?"

"Limegusa, afande."

"Limegusa, ama limegusa kwa sababu ya ule mguu?"

Nilifikiri ardhi ya machimbo itafunguka. Mokua hakupepesa jicho. "Mguu umepona, afande. Hapa nasema juu ya mstari." Kisha akatoa risasi nzima mfukoni, akaiingiza kwenye lile tundu, ikajaa sawasawa, na ubavu wake mmoja ulikuwa umelala juu ya wino. Akamwachia Inspekta atazame mwenyewe. Na nyinyi mkumbuke hilo: msibishane juu ya tundu la shabaha kwa mdomo. Tundu la mbao hujifunga kidogo, huonekana dogo kuliko lilivyo. Ingiza risasi, itajisemea.

Inspekta akatazama, akasimama, akapangusa magoti. Akaniambia Jumatatu nisichelewe kumchukua Mheshimiwa.

Nilirudi Kapsoit nikiwa nimelowa hadi ndani ya masikio, nikikimbia, na safari hii hakukuwa na mtu wa kuniandika. Nilipofika nilikuta mlango wazi. Magodoro yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kamba. Sufuria zilikuwa ndani ya gunia, ndogo ndani ya kubwa. Kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kilikuwa kimezungushiwa sweta langu lile zuri. Chebet alikuwa amekaa juu ya gunia kama mtu anayesubiri gari, na nje jirani yetu mzee alikuwa amesimama na kamba, kwa sababu alikuwa ameahidiwa ng'ombe.

Nikamuuliza Chebet nani amemwambia nitafeli.

"Tulikuona nyuma ya choo," akasema.

Nikamuuliza mbona basi amefunga vitu vyote pamoja, wakati yeye alikuwa anaenda Bomet na Kibet kwa shangazi. Akanitazama kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Nani anaenda Bomet? Ukifeli tunaenda Lodwar sote. Hakuna mtu hapa anagawanywa."

Nikamwambia nimefaulu. Akaitikia kwa kichwa, akashuka kutoka kwenye gunia, akaanza kufungua kamba kwa meno. Yule mzee wa jirani alisikia, akasema hongera kwa sauti ndogo, akamtazama ng'ombe, akauliza kama anaweza kumkuna kidogo shingoni kabla hajaenda.

Kibet peke yake ndiye aliyekataa kula jioni ile. Alikuwa ameshawaaga darasa lote na kuwaahidi kwamba atawaandikia habari za ngamia, jinsi wanavyolala na jinsi wanavyotema mate. Alikaa mlangoni amekunja uso, akisikiliza maji yanavyodondoka kutoka kwenye paa. Baada ya muda akaniuliza kama kuna mtihani mwingine karibuni ambao naweza kufeli.